Sekunde Kumi na Moja za Venansi

1

Gaudensia alipoingia karakana yangu, wateja wawili waliokuwa kwenye benchi waliinuka wakaondoka. Hawakuaga. Mmoja alisahau feni yake juu ya meza. Sikuwashangaa, maana Kilangazi nzima inamjua yule mama kama mke wa Venansi, na Venansi ndiye aliyefungua milango ya Bwawa la Mkangazo miaka sita iliyopita, saa nane mchana, watu wetu wa bondeni Lusungi wakiwa mashambani wanapalilia mpunga. Walikufa watu mia moja na sita. Mdogo wangu Damasi alikuwa mmoja wao. Tulimwokota siku ya nne, amenasa kwenye ua wa kanisa, na kiatu kimoja mguuni.

Kwa hiyo nieleweke tangu mwanzo: sikumkaribisha. Kiti kilikuwepo, nikamwacha asimame.

Alifungua ncha ya kanga akatoa rekoda. Ilikuwa ya kizamani, zile ambazo madaktari na waandishi wa habari walikuwa wakizisemea kazi zao, ndogo kama kipande cha sabuni ya kuogea, ina kitufe cha kusukuma kwa kidole gumba ubavuni. Akanieleza, na nilimsikiliza nikiwa nimeshika bisibisi ili aone nina kazi. Mumewe alikuwa na mazoea ya kurekodi kila amri inayokuja kwa redio ya upepo pale langoni, kwa sababu daftari la zamu lilikuwa linaloana na mvua. Siku ile pia alirekodi. Kesini alisema aliamriwa. Ofisi ya bwawa ikasema hakuna aliyemwamuru. Rekoda ikatafutwa haikuonekana. Sasa wiki iliyopita kibanda cha walinzi kilibomolewa, na kibarua mmoja akaikuta imesukumwa juu ya dari. Akamletea kimyakimya.

Rufaa ingesikilizwa Alhamisi ya wiki inayofuata. Ni moja tu, haina ya pili. Ikikataliwa, Venansi anamalizia maisha yake ndani.

Nilimuuliza kama anajua mimi ni nani.

“Najua,” alisema. “Wewe ni dada yake Damasi. Ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe nawe unataka kumjua aliyeamuru.”

Nikamwambia aache hicho kidude mezani na aende zake.

2

Wale waliozaliwa juzi hawaijui miaka ya sauti bandia. Sisi tumeiishi. Unapigiwa simu na mama yako analia amepata ajali, huku mama yako mwenyewe yuko jikoni anakuna nazi. Mkuu wa wilaya anasikika redioni akijiuzulu, na muda huohuo yuko harusini anakula pilau. Ikafika mahali mtu hamwamini hata mumewe kwenye simu. Ndipo ikaletwa Sahihi.

Sahihi ni mfumo mmoja, na kila kompyuta ya leo inatembea juu yake, utake usitake. Sauti yoyote ikiingia, mfumo unaikagua na kuigonga muhuri. Yenye muhuri ni kweli, isiyo na muhuri ni kelele. Mahakama haisikilizi kelele. Na huwezi kufanya ujanja wa kuiweka simu karibu na rekoda ukanakili, kwa sababu Sahihi inataka chombo chenyewe kilichonasa sauti kichomekwe, kijitambulishe.

Hapo ndipo vyombo vya zamani vinapokwama. Ukichomeka waya tu, Sahihi inapiga hodi na kusubiri jibu. Rekoda ile ilitengenezwa enzi ambazo ukichomeka unafungua, basi, hakuna cha hodi wala karibu. Ni sawa na kumpigia hodi kiziwi. Nusu sekunde ikipita bila jibu, mlango unafungwa, na kompyuta inakuandikia kwamba hakuna kitu kilichochomekwa, wakati wewe unakiona kwa macho yako.

Nilisema sitaigusa. Siku ileile jioni nikaifungua. Sijui niseme ilikuwa chuki au nini. Nilitaka kumsikia yule mtu akimwua ndugu yangu, nisikie kwa masikio yangu, nimalizane naye.

Betri ilikuwa imevimba. Spika ilikufa, tundu la kisikilizio limeliwa na kutu, kwa hiyo hakukuwa na namna ya kusikia chochote mpaka iingie kwenye kompyuta. Nilisafisha kwa spiriti na mswaki, nikaunga waya wa umeme kutoka nje. Halafu nikatengeneza kibao kidogo cha kukaa katikati, ninachokiita daraja, kazi yake ni kuitikia hodi kwa niaba ya rekoda. Sheria inaruhusu, ila lazima fundi mwenye leseni aweke dole gumba kuidhinisha, kwamba mimi fulani nakidhamini chombo hiki. Uongo ukitokea humo, ni uongo wangu. Kuandika programu ya daraja kulinichukua siku nne, na nilitukana sana.

Jumanne asubuhi taa nyekundu ikawaka. Jamani, nilifurahi. Nilisahau ni rekoda ya nani na ina nini ndani. Fundi akiona taa iliyokufa miaka sita inawaka, hana dini hana kabila.

Na hapa ndipo nilipoharibu.

Marehemu Mzee Kunambi, aliyenifundisha kazi, alikuwa na sharti moja: chombo cha sauti hakitoki mezani hakijasemeshwa. Redio, kaseti, simu, unakiwasha, unataja jina lako, unasema jaribio, unahesabu mpaka saba. Mafundi wote wa Kilangazi tuliotoka mikononi mwake tunafanya hivyo. Nimesemesha vyombo zaidi ya elfu. Mkono unakwenda wenyewe. Nikasukuma kitufe kwa kidole gumba, nikasogeza mdomo.

“Leokadia, fundi wa Kilangazi, jaribio. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba.”

Sekunde kumi na moja.

Kisha nikachomeka. Daraja likaitikia hodi, Sahihi ikafungua mlango, na humo ndani kulikuwa na faili moja tu, la dakika arobaini, lenye tarehe ya siku ile. Nikalibonyeza. Nikajisikia mimi mwenyewe nikihesabu, moja mpaka saba. Baada ya saba, mvua, na sauti ya mwanamume.

Rekoda za madaktari ndivyo zilivyo: faili likiwa limesimama mwanzoni, ukisukuma kitufe unaandika juu yake, ili daktari akikosea sentensi airudie palepale. Nilikuwa najua. Nimezitengeneza nikiwa binti. Nilikuwa najua, na bado nikasukuma.

3

Kilichobaki nitakisema kama kilivyo. Mwanamume yule anasema: “Nimekupata. Milango yote minne, nimekupata. Ila naomba kuuliza, watu wa Lusungi wameshaambiwa?” Redio inakoroma tu, hakuna anayemjibu. Anauliza tena, polepole, kama mtu anayeongea na mkubwa wake. Kimya. Anauliza mara ya tatu, na safari hii sauti inamtetemeka. Halafu anasema haya, nafungua. Unasikia chuma kinasaga, unasikia maji. Nusu saa nzima iliyobaki ni maji, na yeye anasema Yesu wangu, Yesu wangu, mpaka betri inaisha.

Kwa hiyo aliamriwa. Miaka sita nilimlaani mtu aliyeamriwa. Na aliyemwamuru, jina lake na sauti yake, vilikuwa kwenye zile sekunde kumi na moja, na juu yake nimeketi mimi nahesabu.

Sahihi ilikuwa imeshaona. Iliandika kwamba sekunde kumi na moja za mwanzo hazitokani na tukio. Faili zima likagongwa neno moja, Imeguswa. Chenye neno hilo hakisikilizwi mahakamani hata dakika moja. Chini yake kukawa na swali: Fundi mdhamini, nijaze?

Kujaza kuliletwa kwa nia njema. Kulikuwa na nyimbo za zamani zilizokwaruzika, hotuba zilizoliwa na vumbi, na mfumo ukapewa ruhusa ya kuziba mashimo yasiyozidi robo dakika. Unaangalia kilichopo kabla na baada, unaangalia kila kinachojulikana duniani kuhusu jambo hilo, kisha unatengeneza kinachokosekana. Fundi akiweka dole gumba, muhuri unagongwa, na mshono hauonekani tena.

Nikaruhusu ijaze, kwa kujaribu tu, bila kuweka dole. Ilijaza haraka kuliko nilivyotarajia. Venansi akasikika akiita ofisini kwamba yeye wa lango kuu ameamua kufungua, je, wanampata? Halafu inaendelea, nimekupata, milango yote minne. Imekaa sawasawa. Mfumo uliangalia kinachojulikana, na kinachojulikana ni hukumu, na hukumu inasema alifungua kwa uamuzi wake. Nikaiambia mwamuru hajulikani, ikamrudisha Venansi. Nikaomba iache kimya au mkoromo tu. Ikakataa, kimya hakigongwi muhuri. Inataka jina.

Gaudensia alikuwa amenitajia jina siku ile, Mhandisi Salawa, aliyekuwa mkuu wa zamu. Nikaliandika. Sauti za watumishi wote wa serikali zimo kwenye hazina ya mfumo, kwa hiyo haikupata shida. Salawa akasema, kwa redio yenye mkoromo na mvua nyuma yake, “Lango kuu, hapa ni Salawa, fungua yote minne sasa hivi.” Nililia, tena kwa furaha, maana nilimwamini. Nilikuwa nimeshainua dole gumba.

Sijui nini kilinituma. Nadhani ni ufundi tu, ile tabia ya kutokiamini chombo mpaka ukijaribu kwa kitu unachokijua. Nikafuta Salawa, nikaandika jina la mdogo wangu.

Damasi hakuwahi kukanyaga bwawani. Siku ile alikuwa shambani akipalilia, amevua shati. Lakini aliwahi kuimba kwaya, na kwaya ilirekodiwa, na sauti yake imo. Sahihi ikaandika, inajaza. Kisha mdogo wangu, ambaye sikuwa nimeisikia sauti yake kwa miaka sita, akasema kwa ule mkwaruzo wake wa kooni, “Lango kuu, hapa ni Damasi, fungua yote minne sasa hivi.” Mfumo ukaniuliza kama niko tayari kugonga muhuri.

Nilimsikiliza mara tatu. Mungu anisamehe, mara ya tatu sikuwa ninajaribu chombo.

4

Gaudensia alikuja Jumatano baada ya chakula cha mchana. Nilimpa kiti. Nikamwambia yote, sikuficha hata nukta, na nilipofika kwenye kuhesabu moja mpaka saba niliangalia chini.

Hakupiga kelele. Aliomba kwanza asikie kilichobaki. Nikamchezea, na mumewe alipouliza kama watu wa Lusungi wameshaambiwa, akaweka mkono mdomoni. Aliniomba niirudie hapo. Nikairudia.

“Aliuliza,” alisema. “Aliuliza mara tatu.”

Ndipo akaniambia jambo ambalo nadhani hajamwambia padri. Miaka yote hiyo na yeye hakuwa na uhakika. Mama yake mzazi alipofariki hakuna mtu wa Kilangazi aliyekuja kukaa matangani, hakuna aliyeleta kuni wala maji, alizika na vibarua wa kukodi, na usiku ule akajiuliza kama watu wote hawa wanaweza kukosea. Gerezani alikuwa anakwenda na chakula na shaka. Sasa shaka imemtoka. Niliiona inavyomtoka, mabega yakashuka.

Halafu akafuta uso akanigeukia. “Wewe ndiye uliyelitoa hilo jina. Lirudishe.”

Nikamuuliza nirudishe lipi. Akasema Salawa. Nikamuuliza kama Venansi mwenyewe alimtajia Salawa. Aliangalia feni ya yule mteja, bado ilikuwa pale mezani. Mwisho akasema hapana. Venansi anasema mvua ilikuwa inapiga bati, redio inakoroma, mtu akajitaja haraka na yeye akashika neno moja tu, fungua. Sauti ilikuwa ya ofisini, hilo anaapa. Jina hakulishika. Alitegemea rekoda itamwambia. Ofisini walikuwa wanne wenye redio, na Salawa ndiye mkubwa wao, kwa hiyo Gaudensia akamchagua Salawa.

Basi hata Venansi hakujua. Ulimwengu mzima, aliyekuwa analijua jina lile ni mwenyewe tu na kile kipande nilichokifuta.

Nilimwambia kwamba nikimweka Salawa na kumbe ni mwingine, nitakuwa nimetengeneza Venansi wa pili, naye atakuwa na mke atakayekwenda gerezani na chakula.

“Na huyu wangu je?” aliuliza.

Nilimwambia kama nisingemsikia Damasi, ningekuwa nimeshaweka dole gumba na kulala usingizi. Lakini nimemsikia. Kile kitu kilimpa mdogo wangu kosa lililomwua, na kikalifanya liwe kweli kiasi kwamba mimi dada yake nilitaka kuendelea kusikiliza. Siwezi kukipa jina la mtu.

Alipoinuka aliniuliza kama nilifuta kwa makusudi. Nikasema hapana, naapa kwa kaburi la Damasi.

“Mimi ningekuwa wewe,” alisema, “ningefuta.”

Akaondoka. Hakusema kwaheri, na sikustahili.

5

Alhamisi nilikwenda mwenyewe mahakamani. Nilivaa gauni la Jumapili, nikabeba rekoda, daraja na leseni yangu. Nilikuwa nimejikaza kisabuni: nitasimama, nitaeleza, nitasema sauti ya mwanzo ni yangu, nifungeni mimi kwa uzembe lakini sikilizeni dakika zilizobaki. Huyu mtu aliuliza mara tatu.

Karani alichomeka waya. Alisubiri. Akanigeuzia kioo nione lile neno, Imeguswa. Nikaanza kueleza, akanisikiliza kwa adabu, alikuwa kijana mstaarabu, kisha akasema shahidi ni sauti, na maelezo ya mtu kuhusu sauti hayapokelewi tangu miaka ile ya sauti bandia. Akaniuliza kwa nini sikujaza, kwa kuwa ni sekunde kumi na moja tu na sheria inaruhusu kumi na tano. Alidhani sijui kutumia mfumo. Akajitolea kunionyesha.

Venansi aliletwa saa tano na nusu. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe pembeni. Shauri lake lilisomwa na kukataliwa kabla watu hawajamaliza kukaa vizuri, kwa kukosa ushahidi mpya. Wakati anatolewa alimtafuta mkewe kwa macho, na usoni alikuwa na swali moja, rekoda imesema nini? Gaudensia alimwinulia vidole vitatu. Sijui kama alielewa. Mlango ulifungwa.

6

Habari ilifika Kilangazi kabla yangu. Na ilifika imegeuka.

Jumamosi asubuhi nilikuta watu mlangoni kwa karakana. Yule wa feni alikuwepo. Bi Mwajabu alikuwepo pia, ambaye maji yalimchukulia wajukuu wawili na binti yake. Nikamwamkia shikamoo. Badala ya kuitikia alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na chini ya kwapa alikuwa na kuku.

“Ahsante, mwanangu,” alisema. “Umewafutia machozi marehemu.”

Nikamwambia, Bi Mwajabu, si hivyo, nilikosea. Nikamwambia Venansi aliamriwa, nimesikia kwa masikio yangu, aliuliza kama mmeambiwa. Akawa anatikisa kichwa na kutabasamu. Alininong’oneza kwamba ndiyo, nikiulizwa niseme hivyohivyo, nilikosea, na kwamba hakuna mtu wa hapa atakayenisema vinginevyo. Wengine wakacheka kidogo. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kuniona mjanja. Mtu mmoja nyuma alisema kweli Damasi alikuwa na dada hasa.

Gaudensia alipita barabarani wakati huohuo, na ndoo kichwani. Alituona, kuku na watu na mkono wangu ndani ya mikono ya Bi Mwajabu. Hakusimama wala hakuongeza mwendo.

Nilichukua kuku. Ningefanyaje, mtu mzima amekuletea. Bi Mwajabu alikuwa amekuja na redio yake pia, imekata sauti, nikaona heri nikae nifanye kazi niache kusikiliza. Ulikuwa waya mmoja tu umekatika. Nikaunga, nikafunga skrubu, nikamsogezea.

Hakuipokea. Alisubiri, na wote walisubiri, maana kila mtu hapa anajua nikimaliza nafanya nini.

“Fundi, hujaisemesha,” alisema.

Nikamwambia aisemeshe mwenyewe akifika nyumbani.